Fomu ya Mtandaoni Mkononi mwa Mtahini

Mwaka 1975, huko Dundee nchini Uskoti, Ronald Harden na wenzake walieleza mtihani wa vituo, ambao mwanafunzi wa udaktari huzunguka kutoka kituo hadi kituo huku akitazamwa anavyomhudumia mgonjwa. Watahini walizoea kujaza fomu ya vipengele vya kila kituo kwa karatasi na kalamu. Mimi nilihamia fomu za mtandaoni kwa sababu moja kubwa: nilichoka kukuta vipengele vilivyoachwa wazi, maana kisanduku kitupu hakisemi kama mwanafunzi alikosea au mtahini alisahau. Fomu isiyokubali kutumwa hadi kila kipengele kijibiwe huondoa utata huo mtahini akiwa bado anakumbuka alichokiona.

Kazi ngumu imo katika maneno ya fomu yenyewe. Chukua kipengele kama "Amechunguza kifua vizuri". Watahini wawili wa chumba kimoja watakijaza tofauti, kwa kuwa kila mmoja ana "vizuri" yake. Nilikivunja hivi: amenawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa, ameomba ridhaa, ameweka stetoskopu juu ya ngozi, si juu ya nguo, amesikiliza kulia na kushoto kwa kulinganisha, sehemu kwa sehemu. Hayo huonekana kwa macho, na jibu lake ni ndiyo au hapana.

Hata hivyo, orodha peke yake haitoshi, kwani mwanafunzi anaweza kutimiza kila hatua kama anayekariri, asimtazame mgonjwa usoni hata mara moja. Kwa hiyo mwishoni naweka swali la tathmini ya jumla: amefeli, yuko mpakani, amefaulu, au amefaulu vyema. Majibu yote yakishaingia kwenye lahajedwali, alama ya kufaulu ya kila kituo hukokotolewa kwa kuoanisha alama za orodha na tathmini hizo, badala ya kung'ang'ania asilimia 50 kwa kituo chepesi na kigumu sawasawa.

Nimewahi kumwona mtahini makini akiinamia kishikwambi kutafuta kipengele cha 23 wakati mwanafunzi anapima shinikizo la damu. Alipoinua kichwa, mkanda ulikuwa umeshavuliwa mkononi mwa mgonjwa. Tangu siku hiyo fomu zangu hazizidi vipengele 15, navyo hufuata mpangilio wa vitendo vyenyewe, na nakala za karatasi huwa mezani endapo mtandao utakatika.