Skijoringi ni nini, na kwa nini si sawa na sleji

Mimi ni mwongoza wageni wa Mlima Kilimanjaro. Mgeni wangu mmoja, Mnorwei, tulishuka naye salama kwa njia ya Mweka, na jioni ya kuagana hapa Moshi akanionyesha video kwenye simu yake. Mbwa wawili wanakimbia kwenye njia nyeupe katikati ya miti ya misonobari, kamba imenyooka nyuma yao, na mwisho wa kamba yuko yeye mwenyewe juu ya skii, anacheka. Kesho yake nikaisimulia dukani kwa mangi. Babu mmoja wa mtaani kwetu, anayekaa pale kwenye benchi kila asubuhi, akanisikiliza mpaka mwisho kisha akauliza, "Mjukuu wangu, huko kwao punda wamekwisha?"

Swali lake ni zuri kuliko linavyosikika, kwa sababu wengi tukisikia mbwa anavuta mtu tunafikiria mkokoteni: mnyama mbele, mzigo nyuma. Skijoringi haiko hivyo.

Kwa kifupi, skijoringi ni mtu aliyevaa skii kuvutwa juu ya theluji na kitu kilichofungwa mbele yake. Kitu hicho chaweza kuwa farasi, chaweza kuwa hata pikipiki ya theluji, lakini hapa nasema mbwa. Skii zenyewe ni vile vipande viwili virefu na vyembamba vinavyofungwa kwenye viatu ili mtu ateleze badala ya kuzama. Ziko za aina nyingi. Zile nzito za kushukia milima humbana mtu kisigino na zina kingo za chuma. Za skijoringi ya mbwa ni nyepesi, kisigino kiko huru, na mtu hutembea nazo na kusukuma kwa fimbo mbili.

Neno limetoka Norwei. Wenyewe husema skikjøring, yaani ski na kjøring, kuendesha. Limefika kwetu kupitia Kiingereza na limeshapoteza herufi njiani. Sioni aibu kuliandika skijoringi, maana hata theluji tuliikopa kwa Waarabu, na barafu kwa Waajemi, ambao kwao neno hilo maana yake ni theluji. Johannes Rebmann, mmisionari Mjerumani, alipoiona Kibo, kilele cha Kilimanjaro, mwaka 1848 akamuuliza mwongoza njia wake ule weupe wa juu ni nini, jibu alilopewa ni "baridi" tu. Jibu la mtu anayejua kinachomhusu.

Turudi kwa punda wa babu. Kwenye sleji, mbwa wengi huvuta chombo cha kuteleza chenye mizigo, na mwendeshaji husimama nyuma juu ya chombo hicho. Kwenye skijoringi hakuna chombo. Kuna mbwa mmoja, wawili, mara chache watatu, na kuna mtu ambaye naye anakimbia kwa namna yake: anapiga teke kwa skii, anasukuma kwa fimbo, anapanda kilima kwa pumzi yake mwenyewe. Mbwa anaongeza nguvu, habebi yote. Ukisimama kama gunia la mahindi, mbwa mmoja wa kilo 25 atachoka mapema sana, na akifika kwenye mwinuko atageuka kukuangalia. Ndiyo maana waliozoea mchezo huu humwita mbwa mwenzao. Mwanzoni nilidhani ni mapenzi ya Wazungu kwa mbwa, lakini nikiitazama ile kamba naona wana hoja.

Kamba hiyo ndiyo moyo wa jambo lote. Mbwa havutishwi kwa mkanda wa shingoni, atakabwa. Anavalishwa fulana ya mikanda inayopita kifuani na mbavuni hadi karibu na mkia, ili mvuto utoke kifuani na mabegani. Mtu naye anavaa mkanda mpana unaokaa chini ya kiuno, kwenye nyonga, wenye vitanzi vya kupitishia miguu ili usipande mgongoni. Kati yao kuna kamba ya mita mbili na nusu hivi au kuzidi kidogo, na ndani yake kuna sehemu ya mpira unaovutika. Bila mpira huo kila mruko wa mbwa ungemtandika mtu mgongoni, na kila mtu akiyumba mbwa angenyakuliwa kurudi nyuma. Pale kamba inapokutana na mkanda wa mtu huwekwa kifungo cha kufyatua kwa mvuto mmoja. Mikono yako ina fimbo, huna cha kushikia. Mbwa akimfukuza sungura kuingia katikati ya miti, ule mvuto mmoja ndio utakaokuacha na meno yako.

Sasa, mbwa anajuaje pa kwenda? Farasi ana hatamu, mbwa hana. Hakuna kamba ya kulia wala ya kushoto, na fimbo si za kumchapia. Kuna sauti tu.

Aliyewahi kulima kwa maksai atanielewa haraka. Kwenye plau kuna mtoto anayewaongoza ng'ombe kwa mbele na mkubwa anayewaswaga kwa nyuma. Hebu mtoe yule mtoto, kisha mnyang'anye mkubwa kiboko. Kilichobaki ni skijoringi. Wamarekani na Wakanada, cha kuchekesha, wamerithi maneno kutoka kwa waswaga ng'ombe na farasi wao wa zamani: "ji" ni kulia, "ho" ni kushoto. Maneno mafupi, hayafanani, na yanasikika hata upepo ukivuma. Kwa Kiswahili tungepata tabu kidogo. Kulia na kushoto yote yanaanza na "ku", na ukifupisha la kwanza ukabaki na "lia!", mpita njia atadhani unamwamuru mbwa wako alie.

Kuna amri ya kuondoka, kuna ya kupunguza mwendo, kuna ya kusimama. Lakini ambayo huwasumbua wengi ni ile ya kupita: mbwa aone mbwa mwingine, aone mtu anakula mkate, aone kinyesi cha mnyama wa porini, na bado aendelee mbele kama hajaona kitu. Haya yote hufundishwa kwa miguu kabla mtu hajavaa skii. Mbwa anajifunza pia kusimama na kamba ikiwa imekaza wakati bosi wake anajiweka sawa, maana kamba iliyolegea ndiyo mwanzo wa kila msukosuko. Na mbwa mtoto hafungwi kuvuta: husubiriwa apite angalau mwaka mmoja, mifupa yake ikomae.

Njia za milimani zina mambo yake. Kupanda ni jasho tu. Kushuka ndiko kwenye hatari, na hapa watu wa mlima tutaelewana, kwani wageni wengi wanaoumia magoti huumia wakati wa kushuka. Skii kwenye mteremko huenda kasi kuliko mbwa. Kamba inalegea, inaingia miguuni mwa mbwa, na ncha za skii zinamkaribia miguu ya nyuma. Ndiyo sababu skii zenye kingo za chuma hazitakiwi kabisa, zitamkata. Mtu hufunga breki kwa kupanua visigino nje na kukutanisha ncha mbele, kama pembe ya V iliyogeuzwa, na kumwambia mbwa apunguze mwendo. Mteremko ukiwa mkali sana, wenye busara humfungua mbwa ashuke mwenyewe, kama sheria za njia hiyo zinaruhusu.

Zipo njia ambazo haziruhusu mbwa kabisa. Nchi za theluji huwa na njia zinazochongwa kwa mashine, zenye mifereji miwili ya kupitishia skii, na nyayo za mbwa huibomoa. Juu zaidi, nje ya njia hizo, kuna poromoko la theluji, ambalo halijali una mbwa au huna.

Miguu ya mbwa nayo inahitaji macho. Theluji laini huganda kati ya vidole vyake ikawa vijidonge vya barafu, kama kokoto ndani ya kiatu. Theluji iliyoyeyuka mchana na kuganda usiku hutengeneza gamba kali linalochana nyayo. Wengine hupaka nta, wengine humvalisha viatu vidogo vya kitambaa, vinne, na nimeona kwenye video mbwa akivitembelea mara ya kwanza kama anakanyaga makaa. Jingine ambalo sikulitegemea ni kiu. Mbwa anayefanya kazi kwenye baridi bado anahitaji maji mengi, na kulamba theluji hakumtoshi. Wenyewe humpa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa mchuzi wa nyama kidogo ili ayanywe yote. Wapagazi wetu na supu ya jioni, hadithi ni ileile.

Kuhusu aina ya mbwa, picha nyingi huonyesha haski wa Siberia, yule mwenye manyoya mazito na macho ya buluu. Kwenye mashindano, hata hivyo, wanaotamba ni machotara wenye manyoya mafupi, waliochanganywa damu ya mbwa wa kuwinda, na mwanariadha mzuri akiwa nao wawili huweza kupita kilomita 30 kwa saa. Kwa matembezi ya kawaida inatosha awe mbwa mwenye afya, asiye mdogo sana, anayependa kuvuta. Hilo la mwisho halilazimishwi. Mbwa asiyetaka hukaa chini, na kamba imekwisha kazi.

Farasi nao wana historia yao. Katika Olimpiki ya majira ya baridi ya mwaka 1928 kule St. Moritz, Uswisi, skijoringi ya farasi ilionyeshwa kama mchezo wa maonyesho, farasi wakikimbia bila mpanda farasi na watu wa skii wakiwa nyuma yao na hatamu mkononi. Waswisi wakachukua nafasi zote tatu za juu. Mji wa Leadville, Colorado, nao una mashindano yake ya farasi tangu 1949, yanayopita katikati ya barabara kuu ya mji. Mchezo huo ni wa kishindo zaidi, na ni jamaa wa mbali wa huu wa mbwa.

Swali la pili la babu lilikuwa lile nililolitegemea: "Na hapa kwetu juu?" Hapana. Kwanza, mbwa haruhusiwi kuingia hifadhi ya taifa, hata awe na viatu vinne. Pili, theluji ya Kibo ikianguka, mara nyingi jua la ikweta huimaliza baada ya muda mfupi, ikaacha kokoto na majivu ya volkano. Barafu ya kudumu iliyobaki ni kuta na mabonge magumu, si njia, nayo inaisha: kati ya mwaka 1912 na 2007 ilipungua kwa takriban asilimia 85. Skii zenyewe zimewahi kufika. Mwaka huohuo wa 1912 Walter Furtwängler na Siegfried König walizipandisha Kibo na kushuka nazo. Wageni wanaoufahamu mto wa barafu wa Furtwängler kule juu wengi hawajui jina lilitoka kwa mtu wa skii.

Kinachowezekana huku chini ni ndugu yake asiye na theluji. Mkanda uleule, kamba ileile, fulana ileile ya mbwa, ila mtu anakimbia kwa raba zake. Ulaya huita kanikrosi, na mbwa wengi wa skijoringi hufanyia mazoezi hayo kabla ya baridi kuingia. Adui mkubwa hapa ni joto. Mbwa hatoi jasho mwilini kama sisi, hupoa zaidi kwa kuhema, na akikimbizwa kwenye jua la Moshi mjini anaweza kufa. Ni saa kumi na mbili asubuhi, na afadhali huku juu kwenye migomba.

Nilijaribu na mbwa wangu, Simba, kwenye barabara ya vumbi ya Kibosho, kwa mkanda niliomshonesha fundi viatu. Mbwa huyu hufungiwa bandani mchana na kuachiwa usiku kulinda, kama mbwa wote wa mtaa. Alivuta vizuri kwa mita mia hivi, kamba imenyooka kabisa, nikaanza kujiona Mnorwei. Kisha akaona mbuzi wa mama mmoja amefungwa kando ya barabara. Nilisema "pita" mara nne. Mama yule alitoka nje na mwiko mkononi kuangalia ni nani anayempigia kelele, akatukuta mimi, Simba na mbuzi tumefungwa pamoja kwenye mti mmoja wa kahawa.