Laptopu ya Linux Isiyowaka Vizuri: Yanayosemwa na Ukweli Wake

Dhana: Kioo kikiwa cheusi, Linux imekufa. Piga upya (futa na usakinishe tena).

Huu ndio ushauri ninaoupinga kwa nguvu zote, maana umewapotezea watu picha, ripoti za chuo na mahesabu ya biashara yaliyokuwa salama kabisa ndani ya diski. Tena ukipiga toleo lilelile kwenye mashine ileile, tatizo huweza kurudi siku hiyohiyo.

Kioo cheusi mara nyingi humaanisha mfumo umewaka, ila draiva (programu inayoendesha kifaa) ya kadi ya picha imeshindwa kuonyesha kitu. Bonyeza Caps Lock. Taa yake ikiwaka na kuzimika, kerneli (kiini cha Linux) ingali hai. Kisha bonyeza Ctrl, Alt na F3 kwa pamoja. Ukiombwa jina na nywila, ujue kilichokwama ni eneokazi tu. Ingia, uandike `df -h` uone nafasi iliyobaki. Diski iliyojaa inatosha kukufanya uweke nywila sahihi na bado urudishwe palepale pa kuingilia. Kwenye Ubuntu na Debian, ambazo ni aina za Linux, `sudo apt clean` hufuta mabaki ya vifurushi vilivyopakuliwa na kukupa pa kupumulia.

Mashine isipojibu, izime kisha iwashe huku ukigonga Esc mara moja moja hadi menyu ya GRUB (programu ya kuwashia Linux) itokee. Zile za zamani zenye BIOS, shikilia Shift. Usigonge Esc mfululizo, utatumbukia kwenye mstari wa amri wa GRUB. Ingia sehemu ya Advanced options, uchague kerneli iliyotangulia. Ubuntu huiacha makusudi kwa ajili ya siku kama hiyo. Ikiwaka nayo, mkosaji ni kerneli mpya au draiva iliyoundwa kwa ajili yake, na unaweza kuendelea na kazi kwa ile ya zamani huku ukisubiri sasisho.

Zikigoma zote mbili, simama kwenye mstari wa kwanza wa menyu, bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na neno `linux`, andika `nomodeset` mwishoni mwake, kisha Ctrl na X. Badiliko hilo ni la kuwasha mara hiyo moja tu.

Dhana: `nomodeset` ni dawa, iache humo daima.

Hapana. Inaizuia kerneli kupanga yenyewe namna kioo kinavyoonyesha, kwa hiyo picha huwa nzito na kioo cha nje mara nyingi hakitambuliki. Itumie kuingilia ndani, usakinishe draiva sahihi (kwa kadi ya Nvidia kwenye Ubuntu ni `sudo ubuntu-drivers install`), halafu uwashe bila hiyo.

Dhana: Lazima uzime Secure Boot.

Secure Boot ni ulinzi unaoruhusu programu zilizotiwa saini tu kuwaka. Ubuntu na Fedora, aina nyingine ya Linux, huwaka nayo bila shida, na Debian pia tangu toleo la 10 la mwaka 2019. Kinachosumbua ni draiva za ziada, hasa za Nvidia. Ukizisakinisha unaombwa nywila ya muda, na mashine ikijiwasha upya inatokea skrini ya buluu inayotaka uandikishe ufunguo. Wengi huipita kwa haraka, kisha draiva inakataliwa kimyakimya. Kwenye Ubuntu, andika `sudo mokutil --import /var/lib/shim-signed/mok/MOK.der`, weka nywila ya muda, washa upya, na safari hii chagua Enroll MOK (andikisha ufunguo).

Kuna wakati kuizima kunafaa. Agosti 2024 sasisho la Windows lilizuia Linux kuwaka kwenye baadhi ya kompyuta zenye mifumo miwili, zikatoa ujumbe wa SBAT, yaani orodha ya Secure Boot inayokataa programu za kuwashia za zamani. Lakini kama Windows yako inalindwa na BitLocker, kufuli la diski la Windows, uwe na ufunguo wake wa kurejesha mkononi kabla ya kugusa mipangilio hiyo.

Dhana: Hakuna sauti, basi spika zimeungua.

Washa mashine kwa flashi yenye toleo jipya la Linux, bila kusakinisha chochote, ucheze wimbo. Sauti ikitoka, spika zako ni nzima.

Laptopu nyingi za Intel za miaka ya karibuni hupitisha sauti kwenye kichakataji chake maalumu, kinachohitaji faili za Sound Open Firmware. Zikikosekana, mipangilio ya sauti huonyesha Dummy Output peke yake. Kwenye Debian kifurushi chake ni `firmware-sof-signed`. Kabla ya Debian 12 ya mwaka 2023, kisakinishi rasmi hakikuja na faili za aina hiyo, ndiyo maana wengi waliona Debian ni bubu. Amri `sudo dmesg | grep -i sof` itakuonyesha kama kerneli inazililia.

Kadi ikionekana lakini kimya, fungua `alsamixer`, bonyeza F6 uchague kadi, na kila chaneli yenye MM (iliyozimwa sauti) ifungue kwa herufi m. Ushauri wa zamani wa `pulseaudio -k` hausaidii tena kwenye mifumo iliyohamia PipeWire, programu mpya ya kusimamia sauti, kama Fedora tangu 34 na Ubuntu tangu 22.10. Huko andika `systemctl --user restart pipewire pipewire-pulse wireplumber`.

Na kama sauti hupotea kila unapotoka Windows, zima Fast Startup huko Windows. Ikiwa imewashwa, "kuzima" si kuzima kamili, na vifaa vinaweza kubaki katika hali ambayo Linux haiielewi.

Dhana: Kioo kimefifia, nunua kingine.

Mulika tochi ya simu kwa pembeni. Ukiona picha hafifu, kioo kinachora ila taa ya nyuma haiwaki. Kipimo hiki hakifai kwa vioo vya OLED, maana havina taa ya nyuma. Kisha tazama nembo ya mtengenezaji wakati wa kuwasha. Nayo ikiwa imefifia, Linux haihusiki, peleka kwa fundi wa vifaa. Nembo iking'aa kisha giza likaingia baadaye, jaribu kuongeza `acpi_backlight=native` au `acpi_backlight=vendor` palepale tulipoandika `nomodeset`.

Dhana: Neno `initramfs` likitokea, diski imekwisha.

Hiyo ni sehemu ndogo ya muda inayotangulia Linux kuwaka, na ukibaki humo maana yake diski kuu haijafunguka. Hili huwapata sana wenye laptopu zilizotumika ambazo betri imekufa: umeme ukikatika, mashine inazimika katikati ya kuandika. Andika `exit`, usome kizigeu (sehemu ya diski) kinacholalamikiwa, mathalani `/dev/sda2`, kisha `fsck -y /dev/sda2` na `reboot`. Mara nyingi inawaka. Ikirudia bila umeme kukatika, nakili kazi zako kwanza kwenye diski nyingine, ndipo uipime ile ya zamani kwa `sudo smartctl -H /dev/sda`.