Mdoli mezani si mafunzo ya uigaji

Siku hizi semina yoyote ya watumishi wapya wa hospitali ikiwa na mdoli, basi ni "mafunzo ya uigaji". Mkufunzi anakandamiza kifua cha mdoli, wanaukumbi wanapiga makofi, chai inaletwa. Hilo ni onyesho.

Uigaji ni kuunda tukio kama la kazini, kila mtu alitende kwa nafasi yake halisi, kisha wote wakae walijadili. Ndiyo maana yake, haina zaidi.

Nadhani mkanganyiko umeletwa na mdoli mwenyewe. Resusci Anne, aliyetengenezwa Norway na Laerdal mwaka 1960, alikusudiwa kufundisha kumpulizia pumzi na kumkandamiza kifua mtu ambaye moyo wake umesimama. Huo ni ujuzi wa mikono, na mtu mmoja anaweza kuujifunza. Chukua sasa MamaNatalie, mdoli wa mazoezi ya kuzalisha na kuzuia damu baada ya kujifungua, wa kampuni dada, Laerdal Global Health: mkufunzi anamvaa tumboni, anaongea kama mzazi, anaachia "damu" kwa kadiri atakavyo. Hapo mikono ya mtu mmoja haitoshi. Mkunga anakanda mfuko wa uzazi huku akiomba oksitosini (dawa ya kuukaza mfuko huo ili damu ikatike), daktari anataka kujua damu iliyopotea imefika kiasi gani, na maabara wanasubiri sampuli ambayo hakuna aliyeambiwa aipeleke. Papo hapo inagundulika kwamba ufunguo wa kabati la dawa anao mtu aliyekwenda kula. Ndiyo maana zoezi hili hufaa zaidi likifanyikia leba yenyewe kuliko ukumbini.

Halafu kuna hili la mafunzo kuitwa ya "taaluma mbalimbali". Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2010 kwamba ni watu wa taaluma mbili au zaidi kujifunza kuhusu wenzao, kutoka kwao, na pamoja nao. Kuwapanga madaktari safu ya mbele na wauguzi nyuma kunatimiza hilo la mwisho tu, tena kwa shida. Mengine mawili huja kwenye mjadala, pale muuguzi mgeni anapoweza kumwambia daktari mgeni, "Nilikutajia presha mara mbili, hukunijibu," na isiwe kesi.

Kwa hiyo, ndugu waandaaji, kama ratiba haina muda wa mjadala na mkunga hakukutanishwa na mtu wa maabara, andikeni "onyesho la huduma ya kwanza". Halina ubaya, wapya watafaidika nalo. Ila wodi watakuwa bado hawajaijua.