Nusinersen haibadilishi jeni za mtoto

Jamani, bado wapo wanaosema nusinersen, dawa ya SMA (ugonjwa wa kurithi unaoua neva zinazoendesha misuli), hubadilisha jeni za mtoto. Kwa mara nyingine tena: haibadilishi jeni. Ingekuwa inazibadilisha, mtoto mwenye SMA asingerudishwa hospitali kila baada ya miezi minne kudungwa sindano ya mgongoni. DNA haiguswi kabisa. Inayoguswa ni RNA, nakala ya jeni ambayo seli huitupa na kutoa nyingine, na dawa yenyewe huvunjwavunjwa polepole mpaka ikaisha.

Linaloniudhi zaidi ni dai la pili, kwamba kila dawa ya antisensi (kipande kifupi kilichoundwa kishikane na RNA fulani, kama nusinersen) "huzima jeni". Tofersen, dawa ya antisensi ya ugonjwa mwingine wa neva (ALS), hufanya hivyo kweli: inashikana na RNA ya jeni ya SOD1, kimeng'enya RNase H kinaikata, protini inapungua. Nusinersen imeundwa makusudi ili kimeng'enya hicho kisikate kitu, maana hapa tunataka protini iongezeke! Protini hiyo ni SMN, ambayo neva za misuli huihitaji. Mgonjwa hana jeni yake kuu, SMN1, inayofanya kazi, anategemea jeni inayofanana nayo, SMN2. Ndani ya eksoni ya 7 ya SMN2 (eksoni ni kipande cha jeni kinachobakizwa kwenye RNA ya mwisho), herufi moja, C, imekuwa T. Kwa ajili ya herufi hiyo, seli ikiunganisha vipande vya RNA mara nyingi huiruka eksoni ya 7, na protini inayotoka haidumu. Dawa, yenye herufi 18, inashikana na introni inayofuata (kipande cha RNA kinachoondolewa), palepale penye vizuizi vinavyoifanya eksoni irukwe. Vikikosa pa kukaa, eksoni inabaki.

Dozi iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2016 ni miligramu 12 ndani ya mililita 5. Toa kwanza maji ya uti wa mgongo kiasi hichohicho, kisha sukuma dawa kwa dakika 1 hadi 3. Hutolewa siku ya 0 (dozi ya kwanza), ya 14, ya 28, nyingine siku 30 baadaye, halafu kila miezi minne. Kwenye mshipa wa damu haifai, haivuki kuingia kwenye ubongo na uti wa mgongo. Kila mara pima kwanza chembe sahani, kuganda kwa damu na protini kwenye mkojo. Mgongo ukiwa umepinda sana, usibahatishe. Ongoza sindano kwa picha.

Neva iliyokwisha kufa hairudi, ndiyo maana tunahimiza watoto waanze kabla ya dalili. Lakini tunapowaambia wazazi kwamba idadi ya nakala za SMN2 inaonyesha ukali wa ugonjwa, tunasema kwa uhakika kuliko inavyostahili. Wapo watoto wenye nakala mbili wanaokaa wenyewe bila dawa, baadhi kwa sababu SMN2 yao ina badiliko jingine, c.859G>C, linaloisaidia kubakiza eksoni ya 7. Kuhesabu nakala peke yake hakulioni badiliko hilo.