Ulimi unaowaka moto na vidonge vya asidi ya alfa-lipoiki

Ulimi unawaka kama umeunguzwa na chai, lakini ukitazamwa ni safi: hauna kidonda, hauna utando. Wengi wanaonijia na hali hii ni wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na kabla ya kufika kwangu wameshaambiwa "huna kitu." Wanacho. Neva zenyewe ndizo zinazouma. Asubuhi huwa afadhali, jioni moto unapanda, na cha ajabu, mtu akila hutulia. Wengine huhisi ladha ya chuma mdomoni kutwa nzima.

Siku hizi wengi huja wameshasoma habari za asidi ya alfa-lipoiki. Mwili hujitengenezea kiasi kidogo chake, nayo hufanya kazi ndani ya mitokondria, vinu vya nishati vya seli, na kuzirudishia nguvu vitamini C na E zilizokwisha kutumika. Ilikuwa tayari inatumika kwa ganzi na maumivu ya miguu ya wenye kisukari, nayo pia ni maumivu ya neva, ndipo watafiti wakaijaribu kwa ulimi. Majaribio ya Italia ya mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalitia moyo mno. Ya mwaka 2009 yakapoza mambo: waliomeza dawa na waliomeza kidonge kitupu, kisicho na dawa, walipata nafuu karibu sawa.

Hilo halinishangazi. Maumivu haya hupanda na kushuka yenyewe. Mtu huanza vidonge siku zikiwa mbaya kabisa. Zikitulia, sifa zote huenda kwa kidonge. Ndiyo maana namtaka mgonjwa aandike kila jioni, saa ileile, moto ni wa ngapi kati ya 0 na 10, na aanze kuandika wiki mbili kabla ya kidonge cha kwanza.

Wiki hizo mbili zinatutosha kupima damu: madini ya chuma, foleti, B12, zinki, sukari, tezi ya shingo. Naangalia pia fangasi, meno ya bandia yanayobana, na dawa za presha za kundi la enalapril. Tatizo likipatikana hapo, tunatibu hilo.

Vipimo vikiwa safi na mgonjwa bado anataka kujaribu, simkatalii. Ni miligramu 200 mara tatu kwa siku, kabla ya kula, kwa miezi miwili. Daftari lisipoonyesha tofauti, tunaacha. Sioni sababu ya kuendelea kununua. Kiungulia na kichefuchefu hutokea. Mwenye kisukari apime sukari mara kwa mara kwa sababu inaweza kushuka. Mara chache sana mwili hutengeneza kingamwili dhidi ya insulini, na sukari huanguka hata kwa asiye na kisukari: kutetemeka, jasho, kizunguzungu. Hapo acha vidonge na umwone daktari siku hiyohiyo.

Mimi mwenyewe huiamini zaidi klonazepamu, dawa ya kutuliza neva, ya kunyonya: kidonge hukaa karibu na panapouma dakika tatu, kisha mate hutemwa. Hiyo lazima iandikwe na daktari, maana huleta usingizi na mwili unaweza kuizoea.