Jogoo kaacha kuwika: maswali na majibu kuhusu kumuuguza nyumbani

Ntajuaje anaumwa kweli na sio kazubaa tu?
Kuku anaficha ugonjwa maana wenzake wakimuona mnyonge wanamdonoa, kwahiyo ukimkuta kajikunyata pembeni, manyoya kayatutumua, macho nusu yamefumba na alfajiri hajawika, ujue tatizo halijaanza leo. Cheki upanga wake, ile nyama nyekundu ya kichwani. Ukipauka damu imepungua, mara nyingi utitiri au minyoo, ukiwa wa zambarau hewa haimtoshi na hapo usingoje kesho, tafuta daktari wa mifugo. Halafu papasa kidari, mfupa wa kati ukiwa mkali kama kisu basi kakonda siku nyingi, manyoya yalikuwa yanakudanganya tu.

Nianze na dawa gani?
Dawa baadaye bana, mtenge kwanza. Boksi linatosha, liwe pakavu, pasipo na upepo, mbali na wenzake. Joto la mwili wa kuku ni kama digrii 41 na asipokula anapoa haraka, mwekee chupa ya maji ya moto uliyoizungushia kitambaa ila aachiwe nafasi ya kusogea likimzidi. Hudumia wazima kwanza, yeye mwisho, kisha nawa mikono na safisha viatu, mana magonjwa mengi ya bandani tunayabeba sisi wenyewe.

Hanywi, nimmiminie maji mdomoni?
Usimiminie! Tundu lake la kupumulia liko hapo hapo nyuma ya ulimi, maji yakipita humo yanaenda kwenye mapafu na utakuwa umemuua ukidhani unamsaidia. Dondoshea tone moja pembeni ya mdomo, ngoja ameze, ndo uongeze lingine. Kama kalegea hamezi kabisa, acha.
Na asubuhi kabla hajala shika gole, lile fuko chini ya shingo, linatakiwa liwe tupu. Likiwa limejaa gumu, au linachezacheza na mdomo unanuka uchachu, chakula hakishuki, usimlishe kwa nguvu wala usimning'inize kichwa chini kumkamua kama wengine wanavyofanya, anaweza kupaliwa akafa mikononi mwako.

Kinyesi ni cha kijani, ndo mdondo huo?
Si lazima. Kuku asiyekula siku mbili tatu naye anatoa kijani, ni nyongo tu. Ila kijani pamoja na shingo kupinda, kuhema mdomo wazi na wenzake wanaanza kudondoka, hapo mdondo (kideri) ni wa kwanza kushukiwa, na huo ni virusi, hauna tiba, chanjo inawafaa wazima kabla haujafika. Kinyesi chenye damu ni habari nyingine, mara nyingi koksidia (vimelea vya utumbo), hasa kwa kuku wadogo, na hiyo ina dawa, mfano amprolium ya kuchanganya kwenye maji.

Nina antibayotiki za watu zimebaki, nimpe?
Hapana. Haziui virusi, dozi utabahatisha, na mabaki ya dawa yanakaa kwenye nyama. Hata dawa ya mifugo ina siku za kusubiri kabla ya kumla, soma lebo.

Basi nimchinje kabla hajafa?
Najua inauma kupoteza jogoo mzima, ila kuchinja na kunyonyoa kuku mgonjwa ndo njia mojawapo watu wanapata mafua ya ndege. Hata mdondo unaweza kukuachia macho mekundu yanayowasha. Wakifa wengi ghafla usiwashike mikono mitupu, toa taarifa kwa mamlaka ya mifugo.

Kapona, nimrudishe lini?
Mi nasema ngoja kama wiki mbili tangu dalili ziishe, halafu mweke kwanza kwenye tenga humo humo bandani waonane bila kugusana. Kama kuna jogoo mwingine kashachukua utawala watapigana tu, na aliyetoka kuugua hana nguvu za kukwepa vipi (ile miiba ya miguuni) vya mwenzie, kwahiyo siku ya kwanza ukimtoa kwenye tenga usiende mbali.