Muhuri wa mpakani si kibali cha kazi

Tangu Mei 2025, NIRA, mamlaka ya vitambulisho na usajili ya Uganda, ilipoanza kuandikisha wananchi na kuhuisha vitambulisho vya taifa nchi nzima, swali moja limezidi kutufikia sisi maafisa uhamiaji. Anayeuliza ni Mkenya, Mtanzania au Mkongomani aliyekwisha kuzoea Kampala au Mbarara. Kazi anayo, watoto wanasoma, na sasa rafiki kamshauri ajipange kwenye foleni achukue kitambulisho kama wenzake.

Usifanye hivyo. Kitambulisho cha taifa ni cha raia, na kudanganya ili ukipate ni kosa la jinai. Barua ya mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji au mtaa, haikufanyi raia, hata akiipiga mihuri mitatu. Inasema tu kwamba anakujua na kwamba unalala kijijini kwake. Si haba: itakusaidia benki, shuleni na kwa mwenye nyumba, kwa hiyo nenda ujitambulishe mapema badala ya kungoja matatizo. Mgeni anayeishi hapa zaidi ya siku 90 naye anatakiwa kujiandikisha NIRA, ila kama mgeni, na namba atakayopewa ni ya mgeni.

“Lakini afisa, si Jumuiya ya Afrika Mashariki ni moja?” Ni moja, ndugu. Itifaki yake ya Soko la Pamoja, yaani mkataba wa watu na bidhaa kuvuka mipaka, ilianza kutumika tarehe 1 Julai 2010, na chini yake raia wa nchi mwenzetu anaruhusiwa kukaa hadi miezi sita. Tangu 2014 Mkenya na Mnyarwanda wanaingia kwa vitambulisho vyao. Wakongomani nao hawatozwi viza tangu 1 Januari 2024. Hizo zote ni ruhusa za kuingia na kukaa. Kazi ina ruhusa yake, na Itifaki hiyohiyo mnayotutajia dirishani ndiyo inayosema hivyo.

Utaratibu ni huu. Ukisaini mkataba wa kazi wa zaidi ya siku 90, unatakiwa kuomba kibali ndani ya siku 15 za kazi tangu siku ya kusaini. Usihesabu tangu ulipopokea mshahara wa kwanza, wala tangu mwajiri alipokumbuka. Mamlaka nayo ina siku 30 za kukujibu. Kazi ya siku 90 au pungufu huombewa pasi maalumu. Vibali vina madaraja, kuanzia A hadi G. Mfanyabiashara huomba D, mwenye taaluma anayejitegemea F, na mwajiriwa wa kampuni G2. Dada anayefungua saluni yake Kabalagala hutuambia hajaajiriwa na mtu, hivyo kibali hakimhusu. Kinamhusu, ni cha daraja D. Raia wa Kenya na Rwanda hawatozwi ada ya kibali cha kazi, lakini kusamehewa ada si kusamehewa kuomba.

Maombi hufanyika mtandaoni, kwenye tovuti ya Kurugenzi ya Uraia na Udhibiti wa Uhamiaji. Jaza mwenyewe. Kishoka, wakala asiye rasmi anayekusubiri nje ya lango, hana mlango wa siri. Anajaza fomu ileile, ila anaweka barua pepe yake na namba yake ya simu. Tukiuliza cheti kinachokosekana, swali linamfikia yeye. Wewe unakaa ukiamini serikali imekunyamazia, kumbe yeye ndiye hapokei simu yako.

Tunza ushahidi wa kuingia. Anayetumia kitambulisho badala ya pasipoti hupewa karatasi mpakani, na wengi huikunja wakaiweka nyuma ya kava la simu. Jasho na mvua vikifuta tarehe, hujui tena siku zako zinaisha lini, na sisi tunabaki kutafuta kwenye mfumo. Ipige picha siku hiyohiyo. Aliyepita njia za panya ili kukwepa foleni ya Busia au Mutukula hana hata hiyo tarehe, na kisheria hajaingia. Kwa aliyezidisha muda, faini huhesabiwa kwa siku. Kufanya kazi bila kibali ni kosa linaloweza kukufikisha mahakamani kisha ukarudishwa kwenu, na mwajiri naye hujibu mashtaka. Mnaokimbia vita mna utaratibu wenu chini ya Sheria ya Wakimbizi ya 2006, kupitia Ofisi ya Waziri Mkuu. Msipewe ushauri wa viza na mtu.

Ardhi nayo inaumiza wengi. Asiye raia haruhusiwi kumiliki ardhi ya mailo wala ya frihodi, yaani aina mbili za umiliki usio na mwisho. Anachoweza kupata ni ukodishaji, usiozidi miaka 99, na ukiwa wa miaka mitano au zaidi lazima usajiliwe. Kibanja cha Wakiso, yaani haki ya kukaa kwenye ardhi ya mtu mwingine, ulichouziwa kwa mkataba wa mkono, mbele ya mwenyekiti na mashahidi wawili, kinaweza kukupotezea akiba yote. Hapo uhamiaji hatuna la kukusaidia. Tafuta wakili kabla ya kutoa shilingi.

La mwisho ni la waliokwisha kupata vibali. Kibali cha mwajiriwa hutolewa kwa kazi hiyo na mwajiri huyo. Ukihamia kampuni nyingine, hakihami nawe, hata kama kimebakiza mwaka mzima. Mwajiri wa zamani atuandikie barua kwamba hufanyi tena kazi kwake, na mpya aanze maombi kabla hujaripoti kazini kwake.